Meza ya Wafaransa na Hoteli Zetu za Isiolo



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya hoteli za chakula za Wafaransa. Labda wako hapa wanaojiuliza, "Mambo ya meza ya watu wa mbali yatufaa nini sisi, watu wa ngamia na mbuzi?" Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu.

Mnajua kwamba tangu barabara ya lami ya kwenda Moyale ilipomalizika, safari ambayo zamani ilimlaza msafiri njiani yaweza kwisha kwa siku moja. Wageni wanaopita Isiolo wameongezeka, na kila mgeni ana njaa. Basi kijana akitaka kufungua hoteli, mara nyingi wazo lake la kwanza ni kuiondoa nyama ya ngamia na kuweka viazi vya kukaanga na soseji, akidhani kwamba hiyo ndiyo heshima. Hapo ndipo yafaa tuwatazame Wafaransa.

ASILI YA JINA

Zamani huko Ulaya msafiri alikula katika nyumba ya wageni. Alikula kwa saa aliyoitaka mwenye nyumba, chakula kile kile cha wote, katika meza moja na watu asiowajua. Katika miaka ya 1760 mjini Paris yalianza maduka yaliyouza supu ya nyama ya kuwarudishia nguvu watu wadhaifu. Supu hiyo iliitwa "restaurant", maana yake kitu cha kurudisha nguvu. Baadaye jina la supu likawa jina la nyumba yenyewe. Mgeni akapata meza yake peke yake, saa aliyoitaka, na orodha ya vyakula yenye bei.

ANAYOYAONA MGENI

Mgeni akifika katika hoteli ya kienyeji ya Wafaransa, huiona orodha ya vyakula na bei zake imebandikwa nje, kwa kuwa sheria ya huko yataka hivyo. Kwa hiyo hujua gharama kabla ya kuketi. Akiingia hungoja mlangoni mpaka aonyeshwe meza. Mkate huletwa bila kuombwa. Wengi hunywa divai, lakini asiyekunywa huomba mtungi wa maji ya kawaida, nao hautozwi kitu.

Kisha chakula huja kwa zamu. Kwanza huja kitu kidogo cha kufungulia tumbo, kama supu au mboga. Halafu huja samaki au nyama pamoja na mchuzi wake. Baadaye huja jibini, kisha kitu kitamu, na mwisho kahawa. Mtumishi mwema haondoi sahani ya mmoja wakati mwenzake angali anakula. Mlo huo waweza kuchukua saa mbili, na hakuna anayemsukuma mgeni aondoke. Watu huzungumza, na mara nyingi mazungumzo yenyewe ni juu ya chakula: kimetoka wapi, na kimepikwaje.

Lakini sikilizeni jambo hili. Utaratibu huo wa zamu si wa Wafaransa tangu asili. Zamani wao walipanga sahani nyingi mezani kwa wakati mmoja, na zamu waliijifunza kwa Warusi katika karne ya 19. Waliazima utaratibu, lakini hawakuazima chungu. Chakula kilibaki chao.

JIBINI YA WACHUNGAJI

Nitawapa mfano mmoja. Kusini mwa Ufaransa iko nchi ya mawe na majani haba, ambako watu hufuga kondoo. Maziwa ya kondoo hao hufanywa jibini iitwayo Roquefort, ambayo huivishwa ndani ya mapango ya kijiji cha jina hilo. Ina madoa ya ukungu wa kibuluu, na harufu yake ni kali. Mgeni asiyeizoea hukunja uso. Hata hivyo Wafaransa hawakuificha. Mwaka 1925 waliitungia sheria kwamba jibini iliyotengenezwa kwingine isiuzwe kwa jina hilo. Leo chakula hicho cha wachungaji hutolewa katika meza za watu wakubwa, nao wachungaji hupata riziki kwacho.

Tena, mwezi wa Novemba mwaka 2010 kamati ya UNESCO ilikutana hapa hapa Kenya, mjini Nairobi, ikauandika mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Haikuandika sahani yo yote moja. Iliandika desturi ya kukaa pamoja, kuchagua vyakula vyema na kuvila kwa utaratibu.

NA SISI JE?

Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha ngamia karibu milioni 3 katika Kenya. Maziwa yao hukusanywa na akina mama wa Isiolo na kupelekwa kwa gari mpaka Nairobi, ambako hununuliwa kwa hamu. Tunayo nyirinyiri, nyama iliyoanikwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, ambayo hukaa muda mrefu bila kuoza. Tunavyo vyombo vya maziwa vilivyofukizwa moshi wa miti yenye harufu nzuri. Mgeni aliyetoka mbali hakuja Isiolo kutafuta soseji aliyoiacha kwao.

Basi, shauri langu ni hili. Yaliyo mema ya Wafaransa na tuyaazime: bei iandikwe mahali pa kuonekana, maji ya kunawa na sabuni yawe tayari, meza ifutwe kabla mgeni hajaketi, na mtumishi aweze kueleza kila chakula kimetoka wapi. Maziwa yachemshwe, maana maziwa mabichi yaweza kuleta homa ya brusela, ambayo huumiza viungo kwa majuma mengi. Hoteli moja ikiwaambukiza wageni, sifa mbaya huziangukia zote.

Lakini chungu kibaki chetu. Kijana anayeiondoa nyama ya ngamia katika orodha yake anamnyima soko mfugaji wa Merti na mama anayeuza maziwa, na fedha ya msafiri hupita Isiolo bila kuwafikia. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji hawezi kupona ikiwa kila kilicho mezani kimenunuliwa mbali.