Duka Ndani ya Gereji

Wasikilizaji, mwaka 1930 biashara ya Marekani ilikuwa imeanguka, na watu wengi walikuwa wakiachishwa kazi. Bw. Michael Cullen, msimamizi katika kampuni ya maduka ya vyakula, alimwandikia mkuu wa kampuni kumshauri lifunguliwe duka kubwa sana, mbali na mitaa yenye kodi ghali, na bidhaa 300 ziuzwe kwa bei ile ile zilizonunuliwa. Hakujibiwa. Akaacha kazi, na kuacha mshahara wakati kama ule si jambo dogo, akaenda New York. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo akafungua duka lake, King Kullen, ndani ya gereji iliyokuwa tupu huko Queens. Wanunuzi walijichukulia vitu wenyewe, wakalipa taslimu, wakavipakia katika motokaa zao. Hapakuwa na mkopo wala kupelekewa mzigo nyumbani. Faida ilikuwa ndogo, lakini mali haikukaa. Mwenye duka na aangalie hapa: Cullen hakupunguza bei kwa huruma, bali alipunguza gharama kwanza. Alipofariki mwaka 1936, maduka yake yalikuwa yamezidi 10.