Haki ya Mzee Katika Mfuko wa Umma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mliohudhuria hapa Buhongwa na ninyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu.

Katika Suratul Israi, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ameufuatanisha wema kwa wazazi na amri ya kumwabudu Yeye peke yake. Amri hii twaijua sote, lakini twaisoma kana kwamba yamhusu mtoto nyumbani kwake tu. Leo na tuulize: mzee ana haki gani katika mali ya umma?

Imepokewa kwamba Sayyidna Omar alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni kwa watu. Alimchukua nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Baitul-mali amtazame mzee huyo na wenziwe, kwa kuwa si uadilifu kuzitumia nguvu za ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Angalieni: Omar hakutosheka na sadaka yake. Aliandika haki ile katika hazina.

Wazee wetu wa Usukuma ndio waliolima pamba iliyoiletea nchi fedha za kigeni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati zilienezwa vijijini, na hospitali za Serikali zilitibu bila malipo. Uchumi ukadhoofika. Mwaka 1986 nchi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, matumizi ya Serikali yakabanwa, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama. Baadaye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na utaratibu wa Serikali ukamsamehe malipo ya matibabu mzee asiyejiweza.

Lakini, ndugu zangu, msamaha wa malipo si dawa. Kituo kikipokea wasiolipa, na fungu la kufidia gharama zao likapunguzwa au likachelewa, kabati la dawa hubaki tupu. Mzee huonwa na mganga bure, kisha hupewa karatasi akanunue dawa dukani. Haki yake haikukanushwa kwa ulimi. Imepunguzwa kwa kalamu. Na jirani zetu, katika Wilaya ya Misungwi, yako makazi ya wazee ya Bukumbi yanayotunzwa na Serikali. Asiye na mtoto wa kumnunulia, fungu likipungua, atamwendea nani?

Wako wasemao kwamba hazina ni ndogo. Ni kweli, mahitaji ni mengi. Lakini mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka katika hazina yake yenyewe. Kidogo kilichoandikwa ni bora kuliko kingi kinachoahidiwa.

Basi tufanye mambo mawili. La kwanza, tuwatafute wazee wa mitaa yetu, tuwasindikize ofisi ya mtaa waandikishwe na kupata vitambulisho vya matibabu, na dawa ikikosekana tuchangishane. La pili, tuwaulize madiwani wetu kwa adabu, kabla makadirio ya fedha hayajapitishwa: fungu la wazee ni kiasi gani, na limefika? Sadaka yetu isiwe kisingizio cha kumwondolea mwenye amana dhima yake. Wala upungufu wa Serikali usiwe udhuru wetu mbele ya Mola.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu, utupe sisi uzee wenye heshima, na uwaongoze wenye dhamana katika uadilifu. Amin.