Kuisoma Walenisi kama Safari ya Angani



Nimeombwa niiweke kando mofolojia, niliyoifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, nizungumzie riwaya ninazozipenda. Nimekubali kwa furaha, ingawa mofolojia yenyewe, kama mtakavyoona, imekataa kuwekwa kando.

Nianze kwa kuungama kosa. Zamani mwanafunzi mmoja aliniuliza iwapo Kiswahili kina riwaya ya kisayansi, yenye vyombo vya angani na sayari ngeni. Nilimjibu kuwa hakina, naye akaenda kuandika tasnifu juu ya jambo jingine. Wakati huo Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995, ilikuwa kabatini mwangu, tena nilikwisha kuisoma! Niliisoma kama tulivyozoea: nilipoona sayari niliandika pambizoni "usawa", nilipoona chombo niliandika "ukombozi". Nilipomaliza kufumbua istiari, safari yenyewe ilikuwa imetoweka.

Hebu tuirudishe. Dzombo amehukumiwa kufa. Anatiwa ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa jeneza lake, lakini anafaulu kukiendesha, na anafika kwenye sayari ambayo wakazi wake wanaishi kwa usawa. Msomaji asiyeingia humo chomboni pamoja naye, akahofu pamoja naye, hana haki ya kuuliza sayari hiyo inaashiria nini.

Kisha litazameni jina. Walenisi ni sentensi nzima, "wale ni sisi", iliyodondosha silabi moja kati ya mbili zinazofanana. Udondoshaji huo una matokeo. Katika sentensi, mkazo huangukia "wale" na "sisi", huku "ni" ikipita bila kusikika sana. Katika jina, silabi ya pili kutoka mwisho ni hiyo hiyo "ni", nayo ndiyo inayobeba mkazo. Kiungo kinachotufanya sisi na wale kuwa kitu kimoja kimepewa sauti. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili ambayo hoja yake yote imo katika mkazo wa neno moja.

Anayeipenda Walenisi nampendekezea The Dispossessed ya Mmarekani Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1974. Humo pia mna jamii ya usawa, iliyohamia kwenye mwezi uitwao Anarres, na lugha iliyobuniwa makusudi ambayo wasemaji wake huepuka vimilikishi. Mtoto anapotoa kitambaa chake cha mkononi hukitaja kuwa kile anachokitumia. Wasomaji wa Kiingereza hushangaa. Sisi je? Tunaposema "nina kitambaa", tunasema tu kwamba tuko pamoja na kitambaa. Umilikaji wetu wa kila siku ni uandamani. Natamani mmoja wenu akitafsiri kitabu hiki, maana patakuwa na mambo ambayo Kiswahili kitayasema kwa wepesi kuliko Kiingereza chenyewe.

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, mnaijua. Pengine mnaijua mno, kwa sababu ya mitihani. Isomeni tena kwa ajili ya zile safari za wajumbe sita, mmoja akipanda mbinguni na mwingine akishuka ardhini, na msahau maswali ya "jadili dhamira". Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) someni usiku. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) inachekesha na kuumiza kwa pamoja. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni fupi sana, lakini msiianze nayo. Mimi ilinishinda mara mbili kabla ya kunikubali.

Anzeni na Walenisi. Na iwapo yule mwanafunzi, ambaye sasa bila shaka ana wanafunzi wake mwenyewe, yumo humu ukumbini, nakala ninayoitumia iko ofisini. Maandishi ya pambizoni nimeyafuta. Aje aichukue.