Karibu na Mti Mkubwa



Sisi tunaoishi kati ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet twajua jambo hili: mche wa chai uliopandwa karibu na mkaratusi hupata kivuli, lakini haustawi, kwa maana mizizi ya mti ule mkubwa hunywa maji yote. Asubuhi hii tuwafikirie watu waliokaa karibu na mti mkubwa.

Mwingereza mmoja, Bob Astles, alifika Uganda wakati wa ukoloni. Mwaka 1959 alimwoa Mary Senkatuka, Mganda wa ukoo wa heshima, wakafanya makao yao huko. Baada ya Idi Amin kunyakua serikali mwaka 1971, Astles alitiwa gerezani kwa majuma kadhaa. Alipotoka, alimrudia mtu yule yule aliyemfunga, akawa mshauri wake. Watu wengi wakamwogopa, kwa kuwa alikaa mlangoni pa mkubwa.

Amin hakuwa habari ya mbali kwetu. Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, kama ilivyokuwa kabla ya 1902, na milima yetu hii ilikuwamo. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Amin barua ya kulalamikia maovu ya askari wake. Luwum naye alikuwa ameonana na Amin zaidi ya mara moja, lakini alikwenda kuwatetea waliokamatwa.

Astles alikiri baadaye kwamba alifumba macho, asiseme neno juu ya yale aliyoyaona. Serikali ile ilipoanguka, Aprili 1979, alivuka Ziwa Viktoria kwa mashua akaja Kenya. Alikamatwa, akarudishwa Uganda. Mahakama haikumtia hatiani kwa shtaka la mauaji, lakini alikaa kizuizini mpaka 1985. Alifariki Uingereza mwaka 2012.

Tusiwe wepesi kumhukumu. Sisi wenyewe tulipata kumwendea mkubwa mmoja kuomba mabati ya kanisa. Juma lile lile majirani zetu walivunjiwa nyumba kwa amri yake. Mabati yalifika, nasi tukanyamaza. Hata leo, mvua inapopiga juu ya paa lile wakati wa ibada, twawakumbuka walionyeshewa.

Je, Mkristo asikae karibu na watawala? Someni 1 Wafalme 18. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, mfalme mwovu. Hata hivyo aliwaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha. Alikula mkate wa mfalme, lakini hakuula peke yake, wala hakufumba macho.

Ndugu, labda wewe wajuana na chifu, na mheshimiwa, au na meneja wa shamba. Si dhambi. Lakini jiulize leo: ni nani aliyepata kinga kwa sababu mimi niko karibu? Na ni nani aliyelia, nami nikanyamaza ili nisipoteze nafasi yangu?

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kimya chetu. Utufumbue macho, na midomo yetu pia, kabla jirani hajalala nje. Amina.