Maziwa Yachemshwe Kabla ya Kugandishwa

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama, Kalenga, Iringa)



Wapo wafugaji waaminio kwamba maziwa yakishaganda huwa yamejisafisha kwa ukali wake. Imani hiyo ina hatari. Vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, na vile vya ugonjwa wa kutupa mimba, huweza kubaki hai ndani ya mgando, na mnywaji asivitambue kwa rangi wala kwa ladha.

Hatari hiyo haiko mbali. Mwaka 1998 mtaalamu Rudovick Kazwala na wenzake walitangaza kwamba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe vimeonekana katika maziwa mabichi ya wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini. Naye aambukizwaye ugonjwa wa kutupa mimba hushikwa na homa ya kurudiarudia, jasho na maumivu ya viungo. Mara nyingi hudhaniwa ana malaria, akatibiwa asipone.

Kinga ni moto. Maziwa na yachemshwe mpaka yafure, yapozwe katika chombo safi kilichofunikwa, ndipo yatiwe kijiko cha mgando uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Ukitiwa mgando wa maziwa mabichi, kazi ya moto imepotea.

Katika chama, maziwa ya mmoja humiminwa pamoja na ya wenzake. Kwa hiyo mwanachama ambaye ng'ombe wake ametupa mimba asipeleke maziwa yake kituoni. Amwarifu katibu, naye katibu amwite Bwana Mifugo. Hasara ya siku chache ya mtu mmoja ni nyepesi kuliko maradhi ya kijiji kizima.