Mhajiri na Kazi Yake

Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina, Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu.

Leo katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994, wamo zaidi ya watu 50,000. Na miongoni mwao waalimu, wauguzi na mafundi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, haikujifunga kuwapa haki ya kuajiriwa iliyo bora kuliko ya wageni wengine. Na mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe waliamriwa warudi kambini. Nao pia huuliza: soko li wapi?

Chakula ni sadaka njema. Lakini kumwombea mhajiri ruhusa ya kazi ni kumrudishia heshima yake.