Unapoambiwa Ukubwani: "Huenda Una Pumu"

(Mada iliyotolewa na timu yetu ya afya kwa wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili. Imefupishwa kidogo.)



Wengi wetu tunaijua pumu kama ugonjwa wa watoto au wa ukoo fulani. Kwa hiyo mama au baba wa miaka 40 anapoambiwa zahanati kwamba huenda ana pumu, hushtuka. Mmoja atalikataa neno hilo kabisa. Mwingine atalikubali siku hiyohiyo, kisha ataanza kununua vidonge duka la dawa mwaka hadi mwaka bila kupimwa. Na majirani wakisikia kikohozi cha usiku, huanza kunong'ona habari za kifua kikuu na Ukimwi. Leo tunataka tusaidiane juu ya neno "huenda", maana hilo ndilo linalomkosesha mtu usingizi.

Pumu ni nini? Ni uvimbe wa ndani wa njia za hewa kwenye mapafu. Njia hizo zikichokozwa na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli inayozizunguka hukaza, ute huongezeka, na hewa hutoka kwa shida. Ndiyo maana kifua hulia kama filimbi. Pumu haiambukizi, na inaweza kuanza katika umri wowote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Vifo vingi vilitokea katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, ambako dawa hazifiki au hazitumiki ipasavyo.

Kwa nini mganga anasema "huenda"? Kwa sababu yapo magonjwa yanayofanana na pumu. Kikohozi kilichozidi wiki mbili lazima kipimwe makohozi, ili tujue kama ni kifua kikuu. Moyo ukidhoofika, pumzi hukata usiku. Mapafu yaliyochakazwa na sigara au moshi wa kuni kwa miaka mingi nayo hubana. Hata dawa huchangia: kaptopril na enalapril za shinikizo la damu huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na propranolol inaweza kuzibana njia za hewa za mwenye pumu. Kwa hiyo unapokwenda kumwona mganga, beba dawa zako zote, lakini usiache hata moja kabla hajakuambia.

Dalili kubwa ya pumu ni kubadilikabadilika. Leo mtu ni mzima, kesho anabanwa; mchana yuko sawa, alfajiri anaamka akikohoa. Kuna kibomba kidogo cha plastiki ambacho mtu hukipuliza kwa nguvu, na mshale huonyesha kasi ya pumzi. Mgonjwa hupuliza mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, akaandika namba kubwa, kwa muda wa wiki mbili. Namba zikipanda na kushuka sana, pumu inajitokeza. Hospitali kubwa zina mashine ya kupima pumzi kabla ya kuvuta salbutamol na dakika 15 hivi baadaye. Kama huna kifaa, daftari linasaidia: andika siku uliyobanwa, saa, mahali ulipokuwa na kazi uliyokuwa ukifanya.

Kazi tunaitaja kwa makusudi. Vumbi la unga kwa mwoka mikate, vumbi la mbao kwa seremala na rangi ya kupuliza kwa fundi magari vyote vinaweza kuanzisha pumu ukubwani. Kama fundi anapata nafuu siku za mapumziko na kubanwa akirudi kazini, hiyo ni habari muhimu kwa mganga. Tunajua si rahisi kumwambia mtu abadili kazi inayolisha watoto. Ndiyo sababu tunasisitiza kupima mapema, kabla mapafu hayajazoea kubanwa.

Ikithibitika kuwa ni pumu, matumaini ni makubwa. Dawa kuu huvutwa kwa mdomo. Salbutamol hulegeza misuli kwa haraka, lakini haiondoi uvimbe. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kinga kama beklometasoni au budesonidi, na tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema mtu mzima asitegemee salbutamol peke yake. Dawa ya kinga haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Hutumiwa hata siku za nafuu, mdomo husuuzwa baada ya kuvuta, na mama mjamzito haiachi. Asiyeweza kuvuta vizuri atumie chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni: watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo iliwasaidia watoto waliobanwa.

Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, msimlaze. Mkalisheni wima, mpeni salbutamol yake, na mtafute usafiri wa hospitali papo hapo.

Ndugu wajumbe, yapo mambo yasiyohitaji fedha. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia kanisa. Siku ya ubani, mwacheni mwenye kifua akae karibu na mlango bila kuulizwa maswali. Wapishi wa sherehe wapikie penye hewa. Na mgonjwa wa kifua atembelewe kama wagonjwa wengine.

Ndugu wafadhili, kwenu tuna ombi moja. Zahanati nyingi za vijijini zina vidonge, lakini hazina kibomba cha kupimia pumzi wala dawa ya kinga ya kuvuta. Vitu hivyo viwili, pamoja na mhudumu aliyefundishwa kuvitumia, vitamtoa mtu kwenye "huenda" na kumpeleka kwenye jibu. Akishapata jibu, iwe ni pumu au si pumu, anaweza kupanga maisha yake.